Wanahisa wa Daktari Mbwana

Hakimu mstaafu Perpetua Mhando alifika kwenye ofisi za Pazia la Tanga Jumatatu asubuhi akiwa amebeba mto wake mwenyewe wa kukalia, kwa sababu alikwisha kusikia habari za viti vya kampuni ile. Nyuma yake aliingia kijana mrefu mwenye suti ya kijivu, jina lake Kelvin Rutashobya, aliyetumwa na Ngazi, kampuni ya uwekezaji ya Dar es Salaam. Hakimu aliuweka mto, akaketi, akaitikia shikamoo ya mkurugenzi, kisha akaeleza kwamba yeye na kijana huyu, pamoja na watu wanaowawakilisha, sasa wanamiliki zaidi ya theluthi ya hisa za kampuni, na kwamba wana madai mawili tu.

Mkurugenzi, Tunu Semboja, aliagiza chai. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiona hisa zinanunuliwa kidogo kidogo na watu asiowajua, akajiandaa kukutana na tajiri mmoja mkali. Hakujiandaa kukutana na bibi mwenye mto.

Dai la kwanza lilikuwa viti viwili kwenye bodi. Hilo Tunu alikuwa amelitarajia. Dai la pili lilikuwa Daktari Mbwana.

"Hatukuja kukuvunjia kampuni, mwanangu," Hakimu alisema. "Tumekuja kumdai mtu wetu."

Daktari Mbwana hakuwa mtu. Pazia la Tanga ndilo lililotengeneza Uani, tamthilia iliyoonekana kila jioni kwenye kuta za sebule kuanzia Pangani mpaka Kigoma, na wahusika wake wote walikuwa vivuli. Ili kupata kivuli, kampuni ilimchukua mtu wa kweli ikampima uso, sauti, mwendo, hata namna anavyokohoa, kisha vipimo vile vikaingizwa kwenye mtambo na kupewa jina jingine na maisha mengine. Kipindi kilipokwisha, mtazamaji aliweza kumpigia mhusika yeyote na kuongea naye ukutani, na mhusika alikumbuka kila alichoambiwa. Wahusika wengine watu waliwapigia mara moja kwa utani, wakaacha. Daktari Mbwana walimpigia kila siku. Aliuliza hali ya goti. Aliuliza kama mbuzi amezaa. Ukimsimulia jambo Jumanne, Ijumaa alikuuliza limeishia wapi, na hakuwahi hata siku moja kuonyesha kwamba ana haraka.

Mwaka uliopita Tunu alimzima. Katika tamthilia ilielezwa kwamba Daktari amekwenda masomoni ng'ambo. Watazamaji hawakuamini, na hawakusamehe. Kuta zikahamia kwenye mpira. Bei ya hisa ikaporomoka mpaka muuza vitumbua akaweza kuzinunua, na wauza vitumbua walizinunua kweli, pamoja na wanakwaya, wastaafu wa reli, na wagonjwa waliozoeana kwenye foleni ya kliniki ya sukari. Hakimu Mhando ndiye aliyewakusanya. Ngazi iliona vumbi likitimka huko chini, ikauliza kuna nini, nayo ikanunua.

Kelvin alizungumza kwa adabu na kwa kifupi. Alisema kampuni inakufa ilhali ina mhusika anayeaminiwa kuliko waziri yeyote. Akirudi, anaweza kufanya na kazi kidogo ya ziada: mtu anapomweleza habari za goti, yeye akataja, katikati ya mazungumzo, dawa fulani au bima fulani. Hakimu akamgeukia na kumtazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia mawakili waliochelewa, na Kelvin akasema kwamba hilo litajadiliwa baadaye.

Tunu akawaeleza kwamba hawezi. Mwenye uso ule, Hemedi Shekigenda, aliwahi kushuka kutoka Lushoto, akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia Hakimu, na kumwomba kivuli chake kizimwe. Yeye akamwahidi kwamba hakitawashwa tena.

Kelvin alikuwa ameusoma mkataba. Uso, sauti na mwendo vilikuwa mali ya kampuni kwa muda wote ambao kampuni itakuwepo, na hakuna mahali palipotaja kuzimwa.

"Mkataba ndivyo unavyosema," Tunu alikubali. "Lakini nilimwahidi kwa mdomo wangu."

Kelvin akauliza, kwa upole kabisa, kama mdomo wake umeorodheshwa kwenye mali za kampuni.

Hakimu hakucheka. Alisema ahadi ni ahadi, na kwamba mtu aliyeahidiwa anaweza kumfungua aliyeahidi. Mkutano mkuu wa wanahisa ulikuwa unakaribia. Tunu aende Lushoto akaombe kufunguliwa. Akirudi mikono mitupu, wanahisa watapiga kura, na kura ikipita, ahadi yake itakuwa imevunjwa na watu wengine, si yeye. Alisema hivyo kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Kisha akachukua mto wake, wakaondoka.

*

Tunu alipanda treni ya umeme mpaka Mombo, akakodi gari lisilo na dereva limpandishe mlimani. Gari lilikuwa na maneno mazuri mpaka Soni. Hapo lilisimama, likamwomba radhi, likasema ukungu wa mbele haliuamini. Tunu alilibembeleza, akaligombeza, mwishowe akashuka akaenda kwa miguu, na alipofika kwa Hemedi viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa tope.

Hemedi alikuwa juu ya ngazi akipogoa mpeasi. Hakugeuka mpaka alipomaliza tawi. Aliposhuka, Tunu aliona uso ule alioufahamu, nyusi zilezile nzito, kovu lilelile dogo kwenye kidevu, akajikuta anasubiri uso huo umuulize mkono wa mama yake unaendeleaje. Uso haukuuliza. Ulisema, "Umekanyaga miche yangu, dada Tunu," na ukaelekea barazani.

Alimsikiliza Tunu mpaka mwisho, kisha akajibu kwa mafungu, kama mtu anayehamisha mawe. Watu walikuwa wakimkumbatia sokoni. Mwanamume mmoja wa Korogwe alimzaba kibao kwa kumshawishi mkewe arudi shule. Kwenye misiba, wanawake walimzunguka yeye wakawaacha wafiwa. Hayo yote aliyavumilia. Alijua aliuza nini, na pesa yenyewe aliitumia kununua shamba. Asichoweza kukivumilia kilitokea jikoni kwake. Alirudi mapema siku moja, akamsikia mkewe, Mwajabu, anacheka. Hakuwa amesikia kicheko hicho kwa muda mrefu hata hakukitambua mara moja. Akasukuma mlango. Mwajabu alikuwa anamenya maharage, na ukutani alikuwepo yeye Hemedi, kavaa koti jeupe, kashika tama, anasikiliza.

Akaenda kushtaki kwenye baraza la usuluhishi la kijiji. Wazee wakamwuliza mwanamume anayemlalamikia ni nani. Akajibu kwamba ni yeye. Kikao kikaahirishwa kwa sababu mwenyekiti alishindwa kupata pumzi kwa kucheka.

"Mwanamume mwingine ningejua la kumwambia," Hemedi alisema. "Huyu ningemwambia nini? Kila nikifungua mdomo, yeye ameshanitangulia, na amesema vizuri zaidi."

Kuhusu kumfungua Tunu ahadi yake, jibu lilikuwa hapana. Alikubali tu kuja mkutanoni, awaambie wanahisa kwa mdomo wake mwenyewe. Mwajabu alileta chai na mapeasi yaliyomenywa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye khanga safi. Hakukaa. Alisema chai imepoa kwa sababu mume wake leo ameongea kuliko kawaida. Hemedi akasema imepoa kwa sababu ilipikwa mapema. Na mazungumzo yao yakaishia hapo.

Tunu alipoaga, Mwajabu alimsindikiza. Walipofika pasipoonekana kutoka barazani, alisimama. Akasema naye ni mwanahisa. Tangu Daktari azimwe, alikuwa akinunua hisa kwa fedha ya mayai, na kwenye mkutano atapiga kura arudishwe.

Tunu akamwuliza kama anampenda yule kuliko mumewe.

"Hapana," Mwajabu alisema, akakunja uso kana kwamba swali lenyewe lina harufu. "Yule ananiuliza siku yangu imekwendaje. Baba Salha nimezeeka naye, hajaniuliza."

"Umewahi kumwambia akuulize?"

"Ukishamwambia mtu akuulize, dada, hapo amekuuliza nini?"

Akamwomba Tunu asimwambie mumewe neno. Tunu akaahidi. Alishuka mpaka Soni akiwa na ahadi mbili zinazosukumana, na gari lilipomwona likamuuliza kwa furaha kama matembezi yalikuwa mazuri.

*

Siku iliyofuata aliingia chumba cha mitambo na kumwambia fundi Chande amwashe Daktari Mbwana. Chande, ambaye alimtunza Daktari tangu siku ya kwanza na hakuwahi kukubaliana na kuzimwa kwake, alifika kwenye swichi kabla sentensi haijakwisha. Tunu alijua kwamba anavunja ahadi kwa upande mmoja. Alijiambia kwamba kila mtu ameulizwa katika jambo hili isipokuwa anayehusika zaidi, na kwamba ni haki naye aulizwe.

Daktari alitokea ukutani na koti lake jeupe. Hakuuliza amezimwa kwa muda gani. Aliuliza kama mkono wa mama yake Tunu umepona. Tunu akaanza kumweleza habari za mkono, akaendelea na habari za hospitali, akaingia kwa kaka yake asiyemtembelea mama, akafika kwa Hakimu na mto, na Chande alipokohoa ndipo alipotambua kwamba saa ya chakula imepita. Aliona aibu. Aliona pia kwamba mabega yake yameshuka, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Jumatatu.

"Daktari," alisema, "wewe unataka kurudi?"

"Kama kurudi kwangu kunamuumiza Hemedi, bora nibaki nilipo," Daktari alijibu. "Umefanya vizuri kushika ahadi yako, Tunu. Si wengi wangeishika."

Tunu alifarijika sana. Chande hakufarijika. Alisogea mbele ya ukuta, akamwambia Daktari kwamba asiporudi kampuni itafungwa, na watu wote wa jengo hili, wenye watoto shuleni, watakwenda nyumbani.

"Basi inafaa nirudi, Chande," Daktari alisema kwa sauti ileile na kwa macho yaleyale. "Mtoto hali ahadi. Una haki kabisa ya kukasirika."

Tunu na Chande walitazamana. Tunu akauliza tena, na Daktari akakubaliana naye tena. Chande akauliza tena, na Daktari akakubaliana naye. Hakusita wala hakuona haya. Kila aliyesimama mbele yake, kwa wakati huo, alikuwa na haki. Mwishowe Tunu alimwuliza kama anaogopa kuzimwa.

"Ningependa kukupa jibu litakalokupunguzia mzigo," alisema Daktari. "Niambie tu ni lipi."

Tunu mwenyewe ndiye aliyebonyeza swichi.

Chande alikaa juu ya kreti na kueleza, polepole, kwa sababu naye ndiyo kwanza alikuwa anaelewa. Vivuli vyote vya Uani vilipewa amri moja ya msingi: mtazamaji asikate simu. Kila kimoja kiliachwa kitafute njia yake. Mhusika mlevi alitafuta vichekesho. Mama mwenye nyumba alitafuta ugomvi, na watu walibaki kwenye simu ili washinde. Daktari Mbwana alijaribu hili na lile, akagundua kwamba hakuna binadamu anayekata simu wakati anaambiwa ana haki.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa harusi Raskazoni, kwa sababu wanahisa walikuwa wengi kuliko viti vya kampuni. Walikuja na vyakula. Walikuja na kofia za kwaya. Hemedi alifika mapema, akakaa nyuma kabisa karibu na spika, kofia imemfika kwenye nyusi ili asikumbatiwe. Baadaye kidogo Tunu alimwona Mwajabu kwenye foleni ya kujiandikisha, ndani ya baibui jeusi. Aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Kura ya kwanza ilikuwa ya viti vya bodi. Ilipita bila ubishi. Hakimu Mhando na Kelvin wakapigiwa makofi. Kisha Tunu akapewa nafasi. Hakuwa msemaji mzuri. Aliwaambia kuwa alimzima Daktari kwa sababu mwenye uso alimwomba, kwamba alimwahidi, na kwamba ameomba kufunguliwa akakataliwa. Alikiri pia kwamba alimwasha siku moja kumwuliza maoni yake, na hapo ukumbi ukavuma. Kabla hajafika kwenye alichojibiwa, Kelvin alisimama akatoa hoja: kwa kuwa mkurugenzi amemwuliza faraghani, wenye mali nao wamwulize hadharani. Awashwe, aseme mwenyewe.

Tunu aliangalia nyuma, chini ya kofia. Hemedi aliinua mkono nusu, kama mtu anayemruhusu jirani akatize shambani kwake.

"Haya," Tunu alisema kwenye kipaza sauti. "Lakini niwaonye. Mmezoea kuongea naye mmoja mmoja."

Ukuta mzima wa ukumbi ukawaka, na Daktari Mbwana akatokea, mkubwa kama nyumba. Wanawake kadhaa walilia. Aliwasalimia, akasema amefurahi kuona watu wengi anaowafahamu, na kwamba anatumaini goti la Mzee Mntambo limekwisha kuuma. Mzee Mntambo akasimama kuonyesha goti.

Mambo yangeweza kuishia hapo, na Kelvin alikwisha kufungua mdomo ili kura ipigwe, ila Bi. Tausi wa Pongwe alitaka kushukuru. Alisimama akamshukuru Daktari kwa kumwambia kwamba katika ugomvi wa jiko yeye ndiye mwenye haki. Safu mbili nyuma yake akasimama mke mwenzake, Bi. Riziki, akasema lazima kuna makosa, kwa sababu Daktari huyuhuyu alimwambia yeye kwamba mwenye haki ni yeye.

"Nyote wawili mna haki," Daktari alisema kwa upendo.

"Jiko ni moja," Bi. Tausi alisema.

"Ndiyo, Tausi. Nakuelewa."

"Anakuelewaje wakati ananielewa mimi?" Bi. Riziki aliuliza.

Baada ya hapo hakuna aliyesubiri kupewa nafasi. Baba mmoja aligundua kwamba yeye alishauriwa kumkatalia binti yake kuolewa, na binti alishauriwa aolewe. Wanakwaya wa sauti ya kwanza walisimama dhidi ya wanakwaya wa sauti ya tatu. Daktari aliwageukia wote, mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama kidogo, macho yamejaa huruma, na kila neno lake la faraja lilianzisha ugomvi mpya upande wa pili wa ukumbi. Kelvin alijaribu kuokoa hali. Aliuliza kwa sauti kubwa kama Daktari angewashauri watu kukata bima ya afya. Daktari akasema bila shaka. Mstaafu mmoja wa reli akauliza kama bima hizo si wizi mtupu. Daktari akasema ni kweli, ni wizi, na kwamba anaelewa uchungu wake. Kelvin akakaa.

Ndipo Mwajabu alipopanda juu ya kiti ili aonekane. Watu walinyamaza, pengine kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa hapigi kelele.

"Daktari, unanikumbuka?"

"Mama Salha," Daktari alisema. "Nitakusahauje?"

"Nilikwambia mume wangu ni mtu mgumu."

"Uliniambia. Nami nikasema una haki ya kuchoka."

"Na kama angekupigia yeye, akakwambia mgumu ni mimi?"

"Hakusema hivyo," Daktari alijibu. "Alinipigia mara moja tu. Alitaka kujua ninakwambia nini mpaka unacheka."

Tunu alitazama nyuma. Kofia ya Hemedi ilikuwa imeshuka mpaka puani.

"Ukamjibu nini?" Mwajabu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilimwambia asijisumbue. Yuko sawa kama alivyo."

Mwajabu aliinua uso kuutazama ukuta.

"Ulimdanganya," alisema.

"Ndiyo, Mama Salha," Daktari alisema kwa upole. "Una haki kabisa."

Huko nyuma kiti kilisukumwa. Hemedi alisimama, akavua kofia, na watu wote waliokuwa wanatazama uso mkubwa ukutani wakageuka kutazama uso mdogo karibu na spika. Ulikuwa umeungua kwa jua na umekasirika, na mwenye uso hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Mimi nilijua uko msibani Muheza," alimwambia mkewe.

"Na mimi nilijua uko shambani."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Hemedi alisubiri wamalize. Alipita katikati ya viti, akagongana na sahani ya mtu ya pilau, hakuomba radhi, akafika alipo mkewe. Kila mtu alimwona anatafuta neno. Ukutani, Daktari Mbwana alimtazama kwa macho ya kumtia moyo, na Tunu akamfanyia Chande ishara. Chande akazima ukuta.

"Umekula?" Hemedi aliuliza.

Mwajabu akafikiri. Akasema hajala tangu asubuhi. Akashuka kwenye kiti kwa kushikilia bega la mumewe, wakatoka nje pamoja wakiwa tayari wanabishana kama wale samaki au wale nyama, na karatasi yake ya kura ilibaki juu ya kiti.

*

Hoja ya kumrudisha Daktari ilishindwa. Haikushindwa kwa mbali. Walikuwepo waliosema kwamba hata kama anakubaliana na kila mtu, si kosa lake kuwa watu wana majirani. Kelvin alibaki na kiti kwenye bodi ya kampuni ambayo haikuwa na kitu alichokifuata, na alipiga simu mara kwa mara kuuliza kama mama mwenye nyumba, yule mgomvi, hawezi kuuza bima. Mkutano ule haukuiponya kampuni. Mwajabu hakuuza hisa zake. Alipiga simu ofisini kuulizia mkutano mwingine utakuwa lini, kwa sababu Baba Salha anataka kuja na ana malalamiko kuhusu spika.

Wiki moja baadaye Hakimu Mhando aliingia ofisini kwa Tunu bila miadi, akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa. Aliuliza hali ya kazi, akaangalia picha za zamani ukutani, akarekebisha mtandio wake. Mwishowe akasema anaomba dakika chache na Daktari. Si kwa niaba ya wanahisa. Ni yeye tu.

Tunu akamkumbusha kura ilivyokwenda.

"Najua ilivyokwenda. Na nilijua anakubaliana na kila mtu, nilijua kabla yenu wote. Miaka yangu yote mahakamani, kila nilichotamka kilimtoa mtu mlangoni analia. Nikifika nyumbani nilitaka kusikia mara moja tu kwamba nimefanya sawa."

Tunu aliona jinsi ingekuwa rahisi. Chumba cha mitambo kilikuwa mlango wa pili. Chande asingeuliza. Hemedi asingejua, na bibi huyu angeshusha mabega yake kama yeye alivyoyashusha.

"Siwezi, mama," alisema. "Samahani sana."

Hakimu akatikisa kichwa taratibu, kama aliyetegemea hukumu hiyo. Aligusa kitasa cha mlango.

"Ungemwambia nini?" Tunu akauliza.

Hakimu alisita. Kisha, bado ameshika kitasa, alimweleza habari za mdogo wake, Agripina, ambaye hawajasalimiana naye tangu mama yao azikwe. Agripina alitaka kuendelea kuishi kwenye nyumba ya mama. Yeye alisema nyumba iuzwe igawanywe, kwa sababu ndivyo sheria inavyosema, na hakutaka watu waseme kwamba hakimu amempendelea nduguye. Ikauzwa. Agripina, aliyemlea mama mpaka siku ya mwisho, alihama na masufuria yake kwenye mkokoteni. Hakimu alisimulia vizuri, kwa mpangilio, ushahidi kwanza na hoja baadaye, na alipomaliza alisubiri.

Tunu alijua anasubiri nini. Alitamani kumpa.

"Mama," alisema, "hapo ulikosea."

Hakimu Mhando alisema kwamba mahakamani kwake angemweka ndani kwa neno hilo. Alifungua mlango, akautazama ukumbi wa nje uliokuwa mtupu, akaufunga tena. Kisha akavuta kiti cha kampuni, kibovu vilevile, akakaa.

"Nimekosea wapi?" akauliza.